Nikeli ya Musongati: Sumaku itapima nini, na nani atasoma mita?

NYANZA-LAC – Wafanyabiashara wa mwambao wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, wana vipimo vyao vya kila siku. Mawese yanauzwa kwa bidoni ya lita 20, ndagala kwa kilo, nondo kwa idadi na petroli kwa lita. Lakini reli inayotoka Uvinza, Tanzania, kwenda Musongati inaleta mezani aina nyingine ya hesabu: madini yanayochimbwa, yanayoyeyushwa na yanayosafirishwa kwa maelfu ya tani.

Mkataba wa ujenzi wa reli hiyo, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni mbili, ulitiwa saini Januari 2025, na jiwe la msingi likawekwa Musongati Agosti mwaka huohuo. Katika mpangilio mpya wa utawala ulioigawa Burundi katika mikoa mitano mwaka 2025, Musongati, Rumonge na Nyanza-Lac zote zimeangukia mkoa mmoja wa Burunga. Kwa hiyo nikeli iliyoonekana kuwa habari ya watu wa Rutana sasa inawagusa pia wenye malori na maboti wa kando ya ziwa.

Swali wanalouliza wengi ni lini reli itafika. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: shehena itakapoanza kutoka, itapimwa wapi, kwa chombo gani, na kwa karatasi ya nani?

Funzo la makontena 277

Kanda hii imekwisha kuonja gharama ya kutokubaliana juu ya kipimo. Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini uliokwisha kusafishwa kwa kiasi, kwenda nje kuyeyushwa. Makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Mei mwaka huo kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikaripoti kwamba dhahabu na metali nyingine zilizomo ni nyingi mno kuliko zilivyoandikwa na mwenye mgodi. Kampuni ya Acacia ilikataa matokeo hayo. Mgogoro ulikwisha Januari 2020, pale Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia, ilipokubali kulipa dola milioni 300 na kuanzisha kampuni ya pamoja na serikali, Twiga Minerals.

Kiini cha ugomvi ule hakikuwa idadi ya makontena wala uzito wake. Kila mtu aliweza kuyahesabu na kuyapima. Kilichobishaniwa ni kilichomo ndani, na tanuri la kukitoa lilikuwa ng'ambo ya bahari.

Burundi nayo ina kisa chake. Mgodi wa Gakara, ulio kusini-mashariki mwa Bujumbura, ulianza kuuza nje mchanga wa madini adimu mwishoni mwa 2017. Mwaka 2021 serikali ilizuia usafirishaji na kisha ikasimamisha kazi, ikidai kwamba bei haikulingana na thamani ya mali na kwamba nchi haipati haki yake. Magari yaliyokuwa na kazi ya kubeba magunia yale yakakosa mzigo.

Katika visa vyote viwili, wa kwanza kuumia walikuwa wenye magari na mawakala wa forodha. Mzigo ukisimamishwa kwa ubishi wa vipimo, mkopo wa lori hausimami.

Kipimo cha sumaku ni nini

Ndiyo sababu serikali nyingi za kanda zinataka madini yayeyushwe nyumbani. Mali ikiyeyushwa, kilichomo hujitokeza. Hata hivyo, metali iliyoyeyuka ina shida zake. Bati huyeyuka kwa nyuzijoto 232, aluminiamu kwa 660, shaba kwa 1,085, nikeli kwa 1,455 na chuma kwa zaidi ya 1,500. Katika joto la namna hiyo huwezi kutia ndani ya bomba mita yenye gurudumu linalozunguka kama ile ya maji. Itayeyuka au italika kwa muda mfupi. Metali yenyewe haiangazi mwanga kupita ndani yake, hivyo macho hayaoni kinachoendelea chini ya uso.

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Wengi hudhani sumaku inafanya kazi kwa kuvuta chuma. Si hivyo. Chuma kikipita nyuzijoto 770 hupoteza tabia ya kuvutwa na sumaku, na nikeli hupoteza tabia hiyo mapema zaidi, karibu na nyuzi 358. Chuma kilichoyeyuka hakivutwi kabisa. Kinachotumika ni tabia nyingine: metali, hata ikiwa uji wa moto, hupitisha umeme vizuri.

Kanuni yake ni ile aliyoigundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Kitu kinachopitisha umeme kikisogea mbele ya sumaku, umeme huzaliwa ndani yake, na kadiri kinavyokwenda kasi ndivyo umeme unavyoongezeka. Mwaka 1832 Faraday alijaribu kuupima mto Thames kwa njia hiyo kwenye daraja la Waterloo, London, akitumia sumaku ya dunia yenyewe. Hakufanikiwa, kwa kuwa vyombo vya wakati wake vilikuwa dhaifu. Lakini wazo lilikuwa sahihi, na leo mita za sumaku zinapima maji, maziwa, bia na uji wa migodini katika viwanda vingi duniani.

Hesabu yake ni ya kuzidisha tu: nguvu ya sumaku mara upana wa bomba mara kasi ya mtiririko. Kwa mfano, bomba la sentimita 10, sumaku yenye nguvu ya tesla 0.05, na metali inayokwenda mita 2 kwa sekunde, vitatoa volti 0.01. Ni umeme kidogo sana, lakini chombo cha kisasa kinausoma bila tabu. Ukishajua kasi na upana wa bomba, unajua ni lita ngapi zimepita: katika mfano huu, karibu lita 16 kila sekunde.

Kwa metali baridi kidogo kama zebaki au sodiamu, vituo viwili vya kunasa umeme huweza kuwekwa ubavuni mwa bomba. Kwa chuma au nikeli ya nyuzi 1,500, vituo hivyo haviwezi kudumu. Kwa hiyo wataalamu wakageuza hesabu. Umeme unaozaliwa ndani ya metali nao huigusa sumaku na kuisukuma kuelekea mtiririko unakokwenda. Ukiitundika sumaku kando ya mfereji bila kugusa kitu, na ukapima inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, umepata kasi ya metali. Njia hii ilielezwa kwa ukamilifu mwaka 2006 na André Thess na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ilmenau, Ujerumani, na imepewa jina la mwanafizikia Mholanzi, Lorentz.

Kuna jambo la kuzingatia kwa Warundi. Sumaku kali za kudumu hutengenezwa kwa neodimiamu, na neodimiamu ni mojawapo ya metali zilizofanya mchanga wa Gakara uwe na thamani. Udongo wa sumaku ulitoka Burundi kwa magunia. Mita itakapohitajika, itanunuliwa kwa fedha za kigeni.

Mita haimalizi ubishi

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba mita ya sumaku ni hakimu wa mwisho. Inasema ni kiasi gani kimepita. Haisemi kilichopita ni nini. Lita 100 za metali yenye nikeli asilimia 20 na lita 100 zenye asilimia 30 zitasomeka karibu sawa. Kiwango cha nikeli hujulikana kwa sampuli na maabara tu. Pia mita ya kuangalia kwa mbali inahitaji kurekebishwa mara kwa mara, kwa sababu umbali kati ya sumaku na metali ukibadilika, kuta za mfereji zikiliwa, au sumaku yenyewe ikipata joto, jibu hubadilika. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kudhoofika zikipita nyuzi 80 hivi.

Kazi moja ambayo vyombo vya aina hii hufanya vizuri viwandani ni kutambua mavi ya chuma. Metali inapomwagwa kutoka kwenye ndoo kubwa ya tanuri, mwishoni takataka zinazoelea juu huanza kutoka pamoja nayo. Takataka hizo hazipitishi umeme kama metali, kwa hiyo koili iliyozungushiwa mdomo wa ndoo huona tofauti mara moja na mlango ukafungwa. Mnunuzi wa nondo hawezi kuiona kazi hiyo dukani, lakini huiona nondo inapopasuka ikikunjwa.

Kwa upande wa mapato, metali ikishapoa hupimwa kwenye mizani ya kawaida. Faida ya kuwa na mita kabla ya mizani ni kupata hesabu mbili. Kilichotoka tanurini na kilichofika mizani vikilingana, hakuna neno. Visipolingana, kuna mahali pa kuuliza. Ni utaratibu uleule wa mwenye duka anayelinganisha daftari la stoo na fedha za mezani. Tanuri linalotoa tani 500,000 kwa mwaka likiwa na upungufu wa asilimia moja tu, hizo ni tani 5,000, sawa na malori zaidi ya 160 ya tani 30 kila moja.

Lori mia zitageuka ngapi?

Kwa wasafirishaji, jambo zito zaidi ni mahali tanuri litakapokuwa. Udongo wa nikeli wa Musongati ni wa aina ya laterite, ambao kwa kawaida huwa na nikeli kati ya asilimia moja na mbili hivi. Tuchukue asilimia 1.3. Tani 1,000 za udongo huo zina tani 13 tu za nikeli. Ukisafirishwa kama ulivyo, unahitaji malori 33 hivi ya tani 30. Ukiyeyushwa ukawa mchanganyiko wa chuma na nikeli wenye nikeli asilimia 25, unabaki tani 52, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Hayo ni malori mawili.

Kwa hiyo tanuri la nyumbani ni habari njema kwa hazina ya serikali na habari ya kufikirisha kwa mwenye lori. Mzigo unakuwa mdogo, lakini thamani yake kwa kila tani inapanda, na pamoja nayo dhima ya aliyeubeba, bei ya bima na tamaa ya wezi.

Jambo hili si la kufikirika. Kamoa-Kakula, mgodi wa shaba ulio karibu na Kolwezi nchini Kongo, ulianza kumwaga shaba kwenye tanuri lake jipya mwishoni mwa 2025. Tanuri hilo limejengwa kwa uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka. Kabla yake, mchanga wa shaba ulisafirishwa nje ukiwa na zaidi ya nusu yake kitu kisicho shaba. Shaba ikitoka ikiwa karibu safi, safari za malori kwa kila tani ya shaba hupungua kwa karibu nusu. Badala yake kumezaliwa shehena nyingine, asidi ya salfa inayotokana na moshi wa tanuri, ambayo migodi ya jirani huihitaji lakini inadai matangi maalumu na madereva waliofunzwa. Msafirishaji aliyejiandaa mapema amebadilisha tela. Aliyengoja anatafuta mzigo.

Kwa Musongati, kikwazo kikubwa ni umeme. Tanuri moja kubwa la kuyeyusha laterite hula makumi ya megawati usiku na mchana. Mradi mzima wa Jiji na Mulembwe, unaotumia mito ya upande huuhuu wa kusini, umepangwa kutoa megawati 49.5. Maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80, lakini hizo zinagawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Kwa hali hiyo inawezekana kabisa kwamba miaka ya mwanzo ya reli itabeba udongo mbichi, tanuri likingoja umeme.

Njia nyingine ni ile iliyozungumzwa upande wa Tanzania tangu mkataba wa Januari 2021 wa mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara: kuyeyusha kwa kemikali badala ya moto, katika kiwanda kilichopangwa Kahama. Hapo metali huwa ndani ya majimaji yanayopitisha umeme, na mita ya sumaku ya kawaida hutosha.

Maji yaliyomo ndani ya udongo

Udongo mbichi ukisafirishwa, ubishi wa kwanza hautakuwa wa nikeli bali wa maji. Laterite hushika maji mengi. Si ajabu kukuta asilimia 30. Lori lililopakia tani 30 za udongo wa namna hiyo limebeba tani 21 za mali na tani 9 za maji. Kiangazi sehemu ya maji hukauka njiani, na uzito wa kufikia huwa pungufu bila mtu kuiba hata koleo moja. Masika maji huongezeka, na lori lililopita vizuri mizani ya kwanza linaweza kuzidisha kwenye mizani ya pili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote pamoja na mzigo, na anayelipa faini ni mwenye gari.

Mkataba wa kubeba udongo wa aina hiyo ukiandikwa "kwa tani" bila kusema tani mbichi au tani kavu, msafirishaji amejitia kitanzi mwenyewe.

Kwa wenye vyombo vya majini kuna tahadhari kubwa zaidi. Udongo wa nikeli wenye maji mengi ukitikiswa na mawimbi hugeuka uji ndani ya chombo na kuhamia upande mmoja. Mwishoni mwa 2010 meli tatu zilizobeba udongo kama huo kutoka Indonesia, Jian Fu Star, Nasco Diamond na Hong Wei, zilizama ndani ya miezi michache, na mabaharia 44 wakapotea. Reli haikupangwa kupita ziwani, lakini shehena ikilundikana, si ajabu mtu akafikiria njia ya ziwa. Anayefikiria hivyo apime unyevu kwanza.

Sumaku haisomi petroli

Kuna pia suala la mafuta, ambalo ndilo linaloumiza zaidi mwambao huu katika miaka ya karibuni ya uhaba. Ile mita ya sumaku inayofaa kwa metali na maji haifai kwa petroli, dizeli wala mawese, kwa sababu vitu hivyo havipitishi umeme wa kutosha. Anayeuziwa "mita ya sumaku" ya aina hiyo kwa ajili ya tangi la mafuta ameuziwa chombo kisichoweza kusoma kitu. Mafuta hupimwa kwa mita za gurudumu, za vyumba vya ujazo au za mtikisiko.

Na mita iliyo sahihi nayo inaweza kuzua ugomvi kama joto halikuandikwa. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.095 kwa kila nyuzi moja. Tangi la lita 30,000 lililojazwa Dar es Salaam kwa nyuzi 32, likafunguliwa katika milima ya Makamba kwa nyuzi 22, litakuwa na upungufu wa lita 285 hivi. Dereva hakuiba. Mafuta yamesinyaa. Lakini asipokuwa na karatasi inayoonyesha joto la wakati wa kupakia, lita hizo hukatwa kwenye mshahara wake.

Hata nondo ina kipimo chake kisichohitaji mtambo. Zidisha kipenyo kwa chenyewe, kwa milimita, kisha gawa kwa 162: unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi. Ikiwa na kilo 9, ni ya milimita 11 iliyopewa jina la 12. Kwa nondo 1,000, mnunuzi amelipia karibu tani 1.7 ambazo hakuzipata.

Kinachopaswa kudaiwa sasa

Burundi ina ofisi yake ya viwango, BBN, na ofisi ya migodi, OBM. Tanzania ina Wakala wa Vipimo. Reli itapita katika mamlaka zote hizo, na mzigo mmoja unaweza kupimwa mara tatu kwa majibu matatu. Wakati wa kukubaliana ni sasa, kabla behewa la kwanza halijajazwa: mizani ipi ndiyo yenye neno la mwisho, nani anachukua sampuli, nakala ya sampuli inatunzwa wapi, unyevu unapimwa kituo gani, na tofauti ya asilimia ngapi inahesabiwa kuwa ya kawaida.

Vyama vya wasafirishaji vya Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma na Kasulu havihitaji kuwa wataalamu wa sumaku ili kuuliza maswali hayo. Vinahitaji kuyauliza kwa maandishi na kupata majibu kwa maandishi. Ubishi wa makontena 277 ulichukua takriban miaka mitatu kumalizika, na ulimalizwa na watu wenye mawakili. Mwenye lori mbili hana miaka mitatu ya kungoja.